Kahawa Ambayo Papa Hakuiosha

Bukavu, tarehe 2 mwezi wa saba 2023

Yaya Rosette,

Barua hii sitaituma, dada yangu. Kesho kutwa nitakuandikia nyingine, ile ya kutuma, na kabla sijaanza kudanganya nataka niseme ukweli mahali fulani.

Papa alianguka mwezi wa tano, shambani Katana, katikati ya mavuno. Alikuwa anaosha kahawa. Tonton Cyprien alimkuta amekaa chini karibu na beseni, maji yanaendelea kutiririka, mdomo wake umevutwa upande mmoja. Walimleta Bukavu kwa gari la mchuuzi wa samaki. Daktari alisema ni mshipa wa damu kichwani. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mguu wa kulia vilevile, na maneno hayatoki. Lakini anatuelewa. Mimi nina hakika, ingawa Maman anasema inategemea siku.

Kama ndugu ya Papa, Tonton Cyprien aliita kikao cha familia. Mimi nilikuwa naleta chai. Alisema, "Rosette asiambiwe kitu. Iko mu mwaka wa mwisho. Mukimuambia ataachilia masomo, atapanda ndege, na ile bourse ya kumulipia chuo inakufa. Akifika hapa atafanya nini? Iko munganga?"

Maman akasema, "Na baba yake mwenyewe hangekubali aache."

Wote wakatazama mlango wa chumba alimolala Papa, kama vile yeye ndiye aliyesema. Hakuna aliyeingia kumwuliza.

Unajua ndivyo tunavyofanya kwetu. Fabien, mtoto wa jirani yetu Maman Colette, alifichwa kifo cha baba yake mpaka alipomaliza mitihani kule Algeria. Watu waliisifu sana familia ile. Aliporudi alikwenda moja kwa moja makaburini, begi likiwa bado mgongoni, na hadi leo hali chakula meza moja na mama yake.

Barua za nyumba hii naziandika mimi. Kwenye simu Maman huweka sauti kubwa ili kila mtu asikie, na mbele ya watu mimi najua kusema ndiyo na asante tu. Kwenye karatasi ndiko ninakoongea, kwa hiyo uongo huu wamenipa mimi niubebe. Naogopa kitu kimoja: kwamba utarudi ukute Papa hayupo, na barua zote ulizo nazo zina mwandiko wangu.

Charlène


Bukavu, tarehe 4 mwezi wa saba 2023

Yaya wangu mpendwa Rosette,

Asinge, salamu kutoka nyumbani, mtaa wa Panzi, ambako mvua imekwenda zake na vumbi limechukua zamu. Maman anakusalimu. Goti lake linamsumbua asubuhi tu, mchana linamsahau. Bibi yetu Koko anakusalimu kutoka Katana na anauliza kama huko kuna bugali, au wanakulisha vitu vya kopo. Papa anakusalimu. Yuko shambani, na mtandao wa Katana unaujua, mpaka mtu apande mlima. Usipompata kwenye simu usishangae.

Mimi nimemaliza Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kemia ilikuwa ngumu, biolojia ilikuwa nzuri. Sasa tunangoja matokeo. Siku ni ndefu mno kwa mtu asiyekwenda tena shuleni. Jana niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Kitandani bado nalala upande wa ukuta. Upande wako nimepanga vitabu, lakini kila asubuhi naamka nimevisukumia miguuni, kama tulivyokuwa tukisukumana.

Willy, yule mwenzako wa huko, amekuja kumwoza dada yake. Atarudi mwishoni mwa mwezi wa nane na amekubali kukubebea kahawa yetu ya mwaka huu.

Nina maswali mawili. La kwanza ni langu. Hapa mtaani wanasema bourse inamgeuza mtu. Inamgeuza namna gani? Niambie kweli, maana nami nafikiria kuomba siku moja. La pili ni la Papa. Anauliza kama mwezi wa kumi na mbili unarudi. Siku ya kuondoka ulimwambia kwamba utarudi kushika kahawa, na yeye hajang'oa hata mti mmoja, ingawa majirani wote wamegeukia mihogo.

Nitapiga picha kurasa hizi na kukutumia siku Maman atakaponiachia simu yake.

Mdogo wako,
Charlène


Lavras, tarehe 30 mwezi wa saba 2023

Charlène mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kwenye foleni ya chakula hapa chuoni, mpaka waliokuwa nyuma yangu wakapita mbele. Mwambie Koko bugali hakuna, ila kuna wali na maharage kila siku ya Mungu, na tumbo limekubali. Huku sasa ni baridi. Brazili ambayo watu wa Panzi wanaidhania ni jua na mpira, mimi naivalia sweta mbili. Naishi na wasichana watatu. Mmoja wao, mpaka mwaka jana, alifikiri Kongo ni mtaa wa Angola. Nimemsamehe kwa sababu anapika vizuri.

Uliniuliza bourse inamgeuza mtu namna gani. Mwaka wa kwanza ilinigeuza wewe. Mimi Rosette, niliyekuwa nasema kwa niaba yako hata kwa muuza mkate, nilikaa darasani mwaka mzima bila kufungua mdomo, kwa sababu Kireno kilikuwa hakijaniingia. Nilijua jibu na sikuweza kulitoa. Ndipo nikaelewa jinsi ulivyo. Nilikuwa nikidhani huna la kusema.

Mwaka wa pili profesa alituuliza kila mmoja: kahawa ya kwenu ina ladha gani? Wote wakaeleza. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Ni nzuri." Wakacheka, nao hawakuwa na kosa. Mimi binti wa kahawa nilikuwa sijawahi kuinywa. Kwetu tunauza kahawa na kunywa chai. Siku ile nilirudi chumbani nikiwa na hasira, na nadhani hasira ile ndiyo iliyochagua kazi yangu. Niliomba kujifunza kuonja. Unachukua kijiko, unavuta kwa kelele kama mtoto asiyefunzwa na mama yake, unaizungusha mdomoni, unatema. Vikombe kwa vikombe. Sasa naweza kukuambia kama kahawa ilinyeshewa ikiwa juani.

Mémoire yangu, ile tasnifu ya kumaliza chuo, ni juu ya mdudu wa kwetu. Ni mdogo, anauma tunda la kahawa, na punje ile ikiingia kikombeni kikombe chote kinanuka kiazi kibichi. Punje moja tu inatosha. Wanunuzi wanaogopa kahawa yetu kwa sababu yake. Natamani kuonja ya Papa mbele ya wenzangu.

Nitumie nusu kilo, lakini iwe imekaangwa, maana mbichi hairuhusiwi kuingia nchi hii. Tumia sufuria nzito na koroga bila kuacha. Itaanza kupasuka kama bisi. Ikishapasuka ngoja kidogo, imwage kwenye ungo, ipepee. Isiwe nyeusi. Maman atasema haijaiva. Usimsikilize.

Juu ya mwezi wa kumi na mbili tutaongea. Kwanza nimalize mémoire. Mwambie Papa siku ya soko apande pale penye mtandao, nataka kusikia sauti yake.

Nakukumbuka, hata mateke yako.

Rosette


Bukavu, tarehe 27 mwezi wa nane 2023

Yaya Rosette,

Asinge. Hapa tuko. Maman amepata dawa nyingine ya goti, anasema inanuka kuliko inavyoponya. Koko anakusalimu na kusema wali na maharage si chakula cha mtu anayefikiri.

Nimefaulu, asilimia sitini na nane. Matokeo yalipotoka, mtaa mzima ulijaa poda. Waliofaulu walikuwa wanapita weupe kama waokaji, vijana wanaimba nyuma yao. Kwetu Maman alisema tusipige kelele. Nilikaa tu ndani na gauni langu safi. Kisha Papa akanimwagia poda kidogo kichwani, kwa mkono wake wa kushoto, nyingine ikaingia masikioni. Hakuna kitu kizuri kimenipata mwaka huu kuliko hicho.

Papa amerudi Katana. Anakusalimu.

Kahawa nimeikaanga mwenyewe. Mara ya kwanza ilikuwa mkaa. Mara ya pili nilisikia ule mpasuko ulioniambia, nikafurahi sana, nikamwita Maman. Alitazama akasema, "Hii haijaiva, utatupigisha haya kwa wazungu." Sikumsikiliza. Willy alikuja kuichukua Ijumaa.

Ulisema mwaka wa kwanza ulikuwa mimi. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Sikujua kwamba mtu anaweza kwenda mbali namna hiyo ndipo akafika karibu na mdogo wake.

Swali la mwezi wa kumi na mbili bado lipo.

Charlène


Lavras, tarehe 20 mwezi wa tisa 2023

Charlène,

Hongera kwa diplôme yako. Ningekuwepo ningekumwagia kopo zima. Msalimie Maman na goti lake, msalimie Koko. Mimi mzima. Sasa nisikilize.

Kahawa ilifika. Nilimwomba profesa tuionje darasani. Nilipanga vikombe vitano vya kahawa hiyohiyo, ndivyo tunavyofanya, na nilikuwa nimejisifu wiki nzima kuhusu Papa. Kikombe cha kwanza, siki. Cha pili, kiazi kibichi. Cha tatu, siki na kiazi pamoja. Mwenzangu mmoja alitema, akafuta mdomo, akaniuliza, "Vipi, baba yako alikuwa na haraka?" Wakacheka. Nami nilicheka kwa adabu, kisha nikatoka nje.

Si aibu iliyonitoa. Ile siki inatoka kwenye kahawa iliyoachwa kwenye beseni siku nyingi bila kuoshwa. Papa hawezi kufanya hivyo. Siku ya ubatizo wako aliondoka kabla ya chakula kwa sababu kahawa ilikuwa kwenye beseni, na Maman alinuna mwezi mzima. Na mwaka jana, ile kahawa aliyoniletea mtawa wa Bukavu, niliionja yote mpaka ikaisha. Haikutoa kiazi hata mara moja, kwa sababu Papa huketi na kuitazama punje kwa punje ikiwa bado na maji.

Hii kahawa Papa hakuiosha.

Nikarudi kusoma barua zako. Uliandika kwamba alikumwagia poda kwa mkono wa kushoto. Nani huandika ni mkono gani, kama hakuna sababu? Nikamwuliza Willy. Alisema hakumwona Papa, alikuwa Katana. Alijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Sikumpigia Maman. Angesema "iko bien", yuko salama, na watu wote sebuleni wangesikia nikidanganywa. Nakuuliza wewe. Papa yuko wapi? Kama amekufa, andika neno hilo. Nitalisoma nikiwa nimekaa.

Rosette


Bukavu, tarehe 1 mwezi wa kumi 2023

Yaya,

Papa hajafa. Nimeanza na hilo kabla ya salamu.

Alianguka mwezi wa tano, akiosha kahawa. Upande wa kulia umekufa na hawezi kusema. Yuko hapa nyumbani, katika chumba chao, tangu mwezi wa sita. Hajarudi Katana hata siku moja. Kahawa ilikaa kwenye beseni siku zile zote tulipokuwa hospitalini naye, kisha mimi na Tonton Cyprien tukaiosha tulivyojua. Willy alipokuja, Maman alifunga mlango wa chumba akasema Papa yuko shambani, na Papa akakohoa. Willy akatazama kikombe chake cha chai mpaka alipoondoka.

Waliamua usiambiwe ili usipoteze bourse. Mimi niliandika. Sisemi walinilazimisha, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Barua yako nilimsomea Maman. Alikaa chini.

"Nani alimuambia?"

"Kahawa, Maman."

"Kahawa inasema?"

Tonton Cyprien alikuwepo. Akasema, "Basi ile masomo ni ya kuogopa." Kisha akasema tena kwamba wewe usije, kwamba Papa hataki. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilisema mbele yao, "Mulimuuliza lini?" Maman alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

Nikaingia chumbani mwenyewe. Nikamwambia Papa, "Rosette amejua. Unataka aje sasa, apoteze bourse? Au amalize kwanza?" Nilimpa mkono wangu auminye kwa mkono wake wa kushoto kama ni ndiyo. Aliutoa. Kulikuwa na ungo wa kahawa iliyobaki, niliyokuwa nachambua karibu na kitanda chake. Akauvuta kwenye mapaja na kuanza kuchambua, kwa vidole vya kushoto, polepole sana. Mbaya huku, nzuri huku. Hakuacha mpaka nikachoka kusimama.

Maman anasema maana yake ni kwamba kazi iendelee, umalize masomo. Tonton anasema vilevile. Mimi sijui maana yake. Labda alitaka tu kuchambua kahawa. Sitakuambia kwamba Papa amejibu, kwa sababu sijui.

Jumapili Maman anaenda misa ya pili. Piga saa hiyo. Nitaweka simu kwenye sikio lake, bila sauti kubwa, na nitatoka chumbani.

Charlène


Lavras, tarehe 25 mwezi wa kumi 2023

Charlène,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua tatu za kwanza zilikuwa za matusi, nikazichana. Nilikuwa na hasira na Maman, na Tonton, na wewe. Nilihesabu salamu zote za Papa ulizoniandikia tangu mwezi wa saba. Kila moja nilikuwa nimeitabasamia.

Kisha nikakumbuka yangu.

Tangu mwezi wa sita nimechaguliwa kuendelea na master, miaka miwili, juu ya mdudu yuleyule. Bourse inaendelea. Nilikubali siku ileile, bila kuuliza mtu. Kila barua uliniuliza mwezi wa kumi na mbili, na kila barua nilikujibu kuhusu vikombe. Sikutaka kuandika kwamba ile ahadi niliyompa Papa ya kurudi kushika kahawa niliitoa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikidhani kuishika kahawa ni kusimama kati ya miti. Ninaipenda kazi hii, Charlène. Naipenda kuliko nilivyotarajia kupenda kitu chochote kilicho mbali nanyi, na jambo hilo linanitisha.

Jumapili ile niliongea na Papa kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani. Kwa muda mrefu nilisikia pumzi yake tu. Nilimweleza juu ya master. Nilimweleza hata darasa lilivyotema kahawa yetu. Hapo alitoa sauti. Sijui kama ilikuwa kicheko au kilio. Hukuwepo kuniambia, na ni vizuri hukuwepo.

Nimemwuliza profesa. Nikiondoka kabla muhula haujaisha, bourse inafungwa na haifunguliwi tena. Utetezi wa mémoire ni katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Nitabaki mpaka hapo, nitakuja siku zinazofuata, na mwezi wa tatu nitarudi huku. Nimeamua mimi. Tonton akisema ni Papa aliyeamua kwa ule ungo, mkatalie. Kama nitamkosa, nitakuwa nimemkosa kwa uamuzi wangu, si kwa barua yako. Hilo nataka ulishike.

Ninaomba kitu kimoja. Kuanzia leo niambie kila kitu, na uniambie siku hiyohiyo.

Rosette


Bukavu, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2023

Yaya,

Ulisema kila kitu, siku hiyohiyo.

Leo asubuhi Papa ameshikwa tena na ule ugonjwa. Nilikuwa namlisha uji, macho yakaenda juu. Tumempeleka hospitalini, tukimbeba na vijana wa mtaa mpaka barabarani. Anapumua. Daktari anasema tungoje. Nilimwuliza kama atafika mwezi wa kumi na mbili, akasema, "Mutoto, mimi siko Mungu." Nakuandikia nje, kwenye ngazi za hospitali, mvua inanyesha kweli.

Maman alisema nisubiri mpaka tujue zaidi. Nimemwambia hapana. Hakunigombeza. Ameketi tu hapa pembeni yangu, na anasema nikuandikie hivi: kama ni kosa, ni lake yeye, aliogopa kukurudisha kwenye kata ya maji na jembe.

Siku zote nilizokuwa nakungoja hazikuwa na uzito kama hizi. Sikuombi uje sasa. Ningelitamani kwa siri tu, lakini umesema kila kitu, basi na hilo nimelisema.

Charlène


Lavras, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2023

Charlène,

Nimesoma. Begi nililifunga, nikalifungua. Ninabaki.

Mwambie Maman sina neno naye. Mwambie Papa nakuja. Usimwambie angoje, hilo ni zito kwa mgonjwa. Mwambie tu nakuja.

Niandikie kesho. Hata kama ni mstari mmoja.

Rosette


Bukavu, tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 2023

Yaya Rosette,

Karatasi hii nimempa Tonton Cyprien. Atakuwa anakungoja upande wetu wa mpaka wa Ruzizi, amevaa koti la Papa kwa sababu la kwake limelowa. Usishtuke ukiliona kwa mbali. Isome kabla hujapanda gari.

Papa yuko hai. Ulipokuwa ndegeni hakuna aliyeweza kukuambia, kwa hiyo nakuambia sasa. Tangu atoke hospitalini haketi bila mito, na hali kitu kigumu. Amekonda sana. Nimemnyoa ndevu leo, nimemkata kidogo kidevuni, hicho kidonda kidogo ni changu, si ugonjwa.

Usiingie na watu. Majirani wamejaa uani tangu asubuhi, wanataka kumwona yule wa Brazili. Maman Colette ndiye anayewazuia mlangoni, na Fabien amekuja kumsaidia.

Ukiingia, zunguka kitanda ukae upande wa kushoto. Wa kulia haoni vizuri na mkono ule hausikii. Mpe muda. Mwanzoni atakutazama kama mgeni, na nami hunifanyia hivyo kila asubuhi, kisha uso unarudi. Atalia. Siku hizi analia upesi. Daktari anasema ni ule mshipa. Sidhani ni mshipa wote.

Anajua unakuja. Anajua pia kwamba mwezi wa tatu utaondoka, nilimwambia mwenyewe, sikutaka naye afichwe. Alifumba macho muda mrefu, kisha akauminya mkono wangu. Safari hii naweza kukuambia kwamba amejibu.

Amekataa kulala tangu alfajiri. Ametaka ageuziwe mlangoni.

Pale penye ngazi za udongo shuka polepole, mvua imezila. Mimi nitakuwa nyuma, jikoni. Usinitafute kwanza.

Charlène